Pampu ya ploti, wiki ya sita: 51.6 iliyonitia hofu

Jumamosi. Huku Kayole maji ya bomba huja kwa zamu, na tangi la chini likikauka pampu haina habari. Inazunguka kavu hadi iungue. Ya kwanza tuliizika hivyo. Kwa hiyo natengeneza kifaa cha kuizima kabla haijaungua: nimenunua ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja) pale Luthuli Avenue, nikaweka FreeRTOS (programu inayogawa muda wa chipu kati ya kazi, ya kipaumbele cha juu ikitangulia), na kazi zangu tatu nimezifungia kwenye kiini kimoja, yaani kimoja kati ya vichakataji viwili vya chipu. Cha pili nimekiachia wifi.

Kazi ya juu kwa kipaumbele inasoma mita ya mtiririko: milisekunde 2 kila baada ya 10. Inayofuata inaamua pampu iwake au izime: 6 kila 20. Ya chini inachora kioo (skrini) na kulisha modemu ya SMS: 15 kila 50. Kila moja sharti imalize kabla zamu yake nyingine haijafika.

Jumla zinakula 80% ya kiini. Watafiti Liu na Layland (1973) wanakuhakikishia usalama wa kazi tatu hadi kama 78% tu; ukipita hapo hawasemi utakwama, wananyamaza. Nikajaribu kikomo cha Bini na Baruah cha 2007, cha muda ambao kazi haiwezi kuupita tangu zamu yake ifike hadi imalize; nikakipiga kwa ile ya chini. Unachukua muda wa kazi yenyewe; kwa kila kazi iliyo juu yake unaongeza muda wake mara sehemu ya kiini isiyoitumia; kisha unagawa kwa sehemu ya kiini ambayo hizo za juu zimebakisha. 20.8 kwa 0.5, yaani 41.6. Iko chini ya 50. Nikalala.

Jumatano usiku. Nililala mapema mno. Ile 15 ilikuwa wastani, tena siku ya mtandao mzuri! Leo nimezisimamisha kazi mbili za juu, nikawa nainua umeme wa pini ya chipu modemu ikianza na kuushusha ikimaliza, ili nipime muda. Mtandao ulipozorota nikaona 20. Kikomo kikaruka hadi 51.6, na nusura nipunguze kasi ya kioo.

Lakini kikomo cha juu si muda wenyewe. Nikashika kalamu, njia ya Joseph na Pandya (1986): anza na 20, hesabu kazi za juu zitaingia mara ngapi ndani ya muda huo, ongeza, rudia mpaka namba itulie. 20, 30, 38, 40, 40. Kumbe iko salama, na milisekunde 10 zinabaki.

Kwa kazi tatu hiyo ni hesabu ya kwenye risiti ya duka. Makadirio nayataka kwa sababu baadaye kifaa kitajikagua chenyewe mtu akibadilisha vipindi, na kurudia huko kunaweza kurefuka sana kulingana na namba ulizopewa. Hapo nimependa wazo la Fisher na Baruah la 2005: mzigo wa kila kazi ya juu hupanda kama ngazi, basi vidato vichache vya mwanzo vihesabu kamili, vilivyobaki viwekee mstari ulionyooka unaogusa kona zake kwa juu. Vidato 2: imekataa, haikuthibitisha kwamba kazi ya chini itamaliza ndani ya 50. Vidato 3: imepita, lakini kwenye 50 kamili, roho mkononi. Vidato 4: 40, sawa na kalamu. Nimeacha 4.

Imebaki relei, swichi ya kuwasha na kuzima pampu. Na kumweleza msimamizi wa ploti kwa nini nitafunga maji Jumapili asubuhi, siku ya kufua.