Raba za kaka na unyevu wa Kigamboni

Jumapili, mwishoni mwa Mei

Masika yameanza kukatika, kwa hiyo leo nimetoa raba zote za kaka kabatini na kuzipanga barazani zipigwe na upepo. Kaka yuko Muscat kikazi. Alipoondoka aliniachia ufunguo wa kabati na agizo moja: "Mdogo wangu, mtu asizivae, ila usiziache zikaharibika." Nimelifikiria sana agizo hilo. Kila nikilifikiria naona kwamba kwa sisi tunaoishi jirani na bahari, nusu yake ya kwanza inaiua nusu ya pili.

Mwaka jana alikuja likizo akavaa jozi anayoipenda kuliko zote kwenda harusini Mbagala. Ilikuwa haijaguswa tangu asafiri: ngozi inang'aa, kamba nyeupe, boksi lile lile ililonunuliwa nalo. Hatujafika hata ukumbini, soli ikaanza kumomonyoka. Vipande vilidondoka kwenye ngazi ya daladala, kisha kisigino cha kulia kikabanduka chote. Akamaliza harusi na kandambili za kuazima, amekaa kitini usiku kucha. Iliniuma, maana najua alivyojinyima kuinunua.

Fundi wetu wa viatu aliigeuzageuza akasema, "Dada, hii imekufa kwa kukaa." Nilipokwenda kusoma nikaona yuko sahihi. Soli nyingi za katikati, ile sehemu nene inayopokea kishindo cha mguu, hutengenezwa kwa povu la poliurethani. Mvuke wa maji ulio hewani hupenya ndani ya povu na kuvunja kidogo kidogo minyororo ya kemikali inayolishikilia. Wataalamu wanaita haidrolisisi. Haihitaji mvua wala dimbwi, hewa yenyewe inatosha, na joto linaiharakisha. Ndiyo sababu raba nyingi za Nike Air Jordan III zilizotoka 1988, zenye soli ya povu hilo, hazivaliki leo hata kama hazijawahi kukanyaga ardhi. Soli za EVA, povu la aina nyingine, zile nyepesi za viatu vingi vya kukimbilia, hazisumbuliwi na ugonjwa huo, ila hubonyea na kupoteza mruko. Raba za soli ya mpira mtupu kama All Star zina uzee wao mwingine: hukakamaa, hugeuka njano, hupasuka.

Sasa joto na unyevu ndiyo hewa yetu. Upepo wa kaskazi ukivuma, shati likianikwa ndani linashinda na ubichi. Kwa hiyo video nyingi za wakusanyaji wa raba wa Marekani nimeziacha. Wanafunga raba kwa nailoni kama nyama ya friza, na ukiwa na chumba kikavu chenye kiyoyozi labda inafaa. Mimi nikifunga chumbani kwangu, nafungia unyevu wa bahari humo humo ndani na kiatu. Vile vipakiti vyenye chembechembe za silika navithamini, nimekusanya vya kila boksi, lakini vikishajaa maji havina kazi tena mpaka vikaushwe au vibadilishwe. Watu wengi huvisahau humo miaka.

Ninachofanya mimi ni kuacha hewa ipite. Kabati nimelisogeza mbali na ukuta wa nje, maana tofali la saruji linanyonya maji ya mvua na kuyapumulia ndani. Boksi haligusi sakafu kamwe. Kila boksi nimelitoboa matundu ubavuni, na katoni ikianza kulegea au kunuka ukungu naitupa bila huruma, hata kama kaka anaipenda nembo yake. Ndani ya kiatu naweka karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu ili pua isikunjamane. Gazeti linanyonya unyevu vizuri, lakini wino wake unahamia kwenye bitana nyeupe, na ukishahamia hautoki.

Jua kali nalo silitaki. Gundi hulegea, rangi hupauka, plastiki angavu huwa ya njano. Zote nakausha kivulini, ulimi umevutwa nje, soli ya ndani imetolewa na kuanikwa peke yake. Hiyo soli ya ndani ndiyo inayobeba jasho, na jasho ndilo linalolisha bakteria wanaoleta harufu. Kumwagia manukato juu yake hakusaidii. Ioshwe, ikauke kabisa, na kiatu kilichovaliwa leo kipumzike kesho. Kuna watu wanatia mkaa uliofungwa kwenye soksi usiku mmoja. Nimejaribu na naukubali.

Kwa raba nyeupe kuna ujuzi wa mtaani ambao nauheshimu sana: ukishaifua kwa mswaki na sabuni, suuza mpaka maji yawe safi, kisha izungushie karatasi laini za chooni mpaka isionekane. Maji yanapokauka huvuta mabaki ya sabuni na uchafu hadi juu ya kitambaa. Karatasi ikiwepo, ule unjano unabaki kwenye karatasi. Leo nimefanya hivyo kwa jozi mbili na zimetoka kama nilivyotaka.

Lakini haya yote yanachelewesha tu. Povu litavunjika siku moja, liwe limevaliwa au halijavaliwa. Wakusanyaji wengi husema kiatu kinachotembezwa mara kwa mara hudumu kuliko kinachofungiwa, kwa kuwa kila hatua inakamua unyevu uliojificha ndani ya povu. Mimi naona hata kama kisingedumu zaidi, angalau mwenye nacho angekuwa amekitembelea.

Jioni nimempigia kaka nikamweleza. Mwanawe mkubwa yuko kidato cha tatu na mguu wao sasa ni saizi moja, arobaini na tatu. Kijana amekuwa akiniuliza kwa adabu, "Shangazi, baba amesemaje?" Kaka alinyamaza kidogo, kisha akakubali: avae kwa zamu, aanze na za soli ya poliurethani, na kila akirudi aziache barazani kabla ya kuzirudisha ndani. Jozi nyeusi aliyonunua kwa mshahara wake wa kwanza bado anaikatalia. Nitamwambia tena Ijumaa, akiwa mapumzikoni.