Umeuosha

Saa tisa usiku sijalala, na sababu ni neno moja tu nimelibeba tangu Jumanne. Neno lenyewe la Mzee wa Dumu. Mnaomjua mnamjua, nilimwandika msimu uliopita, yule anayetuletea ulanzi, ile pombe ya mianzi, hapa baa ninapofanya kazi Iringa, kwa boda kutoka njia ya Tanangozi, dumu la lita 20 kifuniko kimelegezwa na kufunikwa mfuko wa nailoni, maana ukikaza gesi inajaa linapasuka njiani (limeshapasuka mara moja, koti la dereva bado linanuka mpaka leo).

Na wiki yenyewe haikuwa ndogo jamani. Dada kajifungua salama Jumatano, wa kike, kilo 3.2, bosi kaniuliza tena habari ya ile kazi ya Zanzibar nikamwambia nimeshasema sitaki, umeme umekatika siku tatu barafu zangu zote nzuri zikawa maji. Hayo yote yamepita. Neno halipiti.

Ilikuwa hivi. Mzee kawaida hakai. Anashuka, anasalimia Kihehe, "kamwene", namwitikia "kamwene" kwa lafudhi yangu ya Tukuyu anacheka kidogo, anatoa kadaftari kake mfukoni anaandika tarehe na dumu moja, namlipa elfu 15, anaondoka. Mwaka mzima hajawahi hata kuvuka kaunta kuona tunafanyia nini ulanzi wake. Jumanne mvua ikashuka ile ya Januari, Jiwe la Gangilonga lenyewe, lile kubwa la juu ya mji, likawa halionekani, dereva wa boda akasema yeye huu mteremko hashuki mpaka ikatike. Basi mzee akakaa kwenye stuli ndefu ya kaunta, kofia gotini, miguu haigusi chini.

Mi nilikuwa nachuja ulanzi wa kokteli. Mnajua ile niliyowaambia nimehangaika nayo toka Novemba, sasa imekubali. Ulanzi wenyewe una rangi ya maji ya mchele, na haukai mahali pamoja, asubuhi ni mtogwa mtamu kama juisi ya mtoto, kesho yake unauma, keshokutwa umeshakuwa mkangafu na mteja wa Jumamosi anakunywa kitu tofauti kabisa na alichokunywa wa Alhamisi. Kwenye kokteli huwezi kuishi hivyo. Mtu akirudi anataka kilekile. Ndo nikaenda kwenye njia ya maziwa. Unachanganya ulanzi, Konyagi, ndimu na sirapu ya mchaichai, halafu unaumimina mchanganyiko juu ya maziwa freshi, siyo maziwa juu ya mchanganyiko, ukigeuza unapata kitu cha kumwagwa. Ule uchachu unayakata maziwa, mabonge yanashika kila chenye ukungu na ukali, unaacha utulie, unachuja kwenye kitambaa taratibu, yale ya kwanza kutoka unayarudisha juu ya mabonge yapite tena. Ukilala ukaamka una kitu cheupe kama maji ya chupa, laini mdomoni, na friji ikiwa na umeme kinakaa wiki na wiki hakibadiliki. Wala siyo ujanja wangu, wazungu wamefanya hivi zaidi ya miaka 300, hata Benjamin Franklin, yule wa kwenye noti ya dola 100, mwaka 1763 alimwandikia rafiki yake barua yenye resipe ya brandi, malimao, sukari, kungumanga na maziwa. Mimi nimeweka ulanzi tu pale kwenye brandi na Konyagi kidogo ya kuupa mgongo.

Nikasema ngoja leo nimpe. Nikachukua ile glasi ndogo yenye mguu, nikaweka bonge moja la barafu (lililobaki), nikapinda ganda la ndimu juu yake, nikamsogezea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Baba, karibu, huu ni ulanzi wako."

Akautazama. Akainua glasi kwenye taa. Akanusa. Akanywa kidogo, akautembeza mdomoni kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki, akameza. Akakaa kimya, mvua inapiga bati, mi nimeshika kitambaa natabasamu kama mjinga.

"Mwanangu," akasema, "umeuosha."

Basi. Kwa sauti ileile ya kawaida, bila kukunja uso wala kutabasamu. Akanywa mwingine. Akamaliza glasi yote, hilo nalo liwekwe kwenye kumbukumbu, hakuacha hata tone. Tukaongea mawili matatu, mvua ikakatika, akavaa kofia akaenda.

Sasa umeuosha ni nini? Nisaidieni. Jioni hiyohiyo nikamuuliza mpishi wetu, yeye Mhehe wa kabisa, kuosha kwenu kuna maana nyingine? Akageuza chipsi zake akasema, "Kwetu kinachooshwa ni maiti na vyombo." Nikaenda kwa mlinzi, akasema dada umesifiwa, kitu kilichooshwa si kimetakata? Dada nimempigia yuko wodini na mtoto kifuani, ananiambia labda mzee aliongelea glasi. Bosi sikumuuliza, bosi angeliandika kwenye menyu.

Nimelirudia kwa kila namna. Umeuosha, yaani umeutoa uchafu. Umeuosha, yaani umeutoa ladha. Umeuosha, kama mtoto wa kijijini anavyooshwa miguu kabla ya kuingizwa sebuleni kwa wageni. Hili la tatu ndo linaniuma, maana ukweli ni kwamba wateja wetu wengi, wale wa kupita kwenda Ruaha na hawa wa ofisini wa mjini, ulanzi wenye ukungu kwenye kikombe cha plastiki hawaugusi, ila ukiwa mweupe kwenye glasi yenye mguu wanaupiga picha kwanza. Nimeuvalisha.

Na mimi hili la kuvalishwa nalijua. Mnakumbuka mama yangu mpaka leo kanisani anasema "binti yangu yuko hotelini". Mimi miaka minne naeleza kwamba mimi siyo baamedi ni batenda, mchanganyaji wa vinywaji, na kila nikisema hivyo najisikia vibaya kwa sababu ya wale mabaamedi wa mtaa wa Mashine Tatu wanaotembea na kreti mbili mkononi usiku kucha, ambao wanafanya kazi ngumu kuliko mimi na jigger yangu, kale kakopo ka kupimia pombe ka mililita 30. Tofauti ni nini? Kuoshwa tu. Kuna mama mmoja nampenda sana kwenye historia ya kazi hii, Ada Coleman, alikuwa mkuu wa kaunta hoteli ya Savoy London zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndo aliyetunga kokteli ya Hanky Panky, pombe ya jini (gin) na vermouth nyekundu, divai yenye viungo, na Fernet kidogo, ile pombe chungu ya mitishamba. Fernet Iringa hupati, kwa hiyo nampenda bila kuionja vizuri. Huwa najiuliza mama yake yeye alisemaje kanisani.

Haya. Nimezunguka sana, ngoja niseme lile nililoliruka pale juu niliposema tukaongea mawili matatu.

Baada ya kumaliza glasi aliifuta midomo kwa mgongo wa mkono akauliza, "Na hii mnauzaje?"

Nikasema, "Elfu tatu, baba."

Ilitoka yenyewe. Sikupanga. Mdomo ulienda kabla ya kichwa. Tunauza elfu 15. Glasi moja elfu 15, dumu lake zima elfu 15, na nilikuwa sijawahi kuziweka hizo namba mbili pamoja mpaka sekunde ile aliponiuliza, naapa, bei ya glasi anapanga bosi na bei ya dumu alisema mzee mwenyewe, zikakutana kwenye mdomo wangu nikaogopa.

Akasema, "Basi sawa." Akaguna kidogo. Akatoa kadaftari, akaandika dumu lake, akakarudisha mfukoni.

Ndo nilipogeuka kuweka glasi kwenye sinki nikauona ubao. Ubao uko nyuma ya kichwa changu pale kaunta, nimeuandika mwenyewe kwa chaki, herufi kubwa na kamchoro ka mwanzi pembeni ambako nilijisifia hapa wiki mbili zilizopita. ULANZI MWEUPE 15,000. Mzee alikuwa amekaa mbele yake dakika 40, hana simu ya kuchezea, hana gazeti. Mtu mwenye daftari. Mtu anayeandika tarehe.

Kwa hiyo aliuliza anajua. Au aliuliza hakuwa ameinua macho. Na ile "basi sawa" ni basi sawa ya aina gani, maana mwanzo nilikuwa na neno moja la kunikosesha usingizi sasa ninayo matatu.

Najua mtaniambia hesabu, na mimi hesabu nimezifanya, saa nane ya usiku huu kwa kalamu. Kila glasi inakula mililita 60 za ulanzi, dumu likishachujwa machicha linatoa lita kama 18, ni glasi 300. Usizidishe. Mimi nimezidisha nikafunga daftari. Halafu nikalifungua nikaanza kujitetea, kwamba wikiendi nzuri nauza glasi 20, kwamba dumu zaidi ya nusu linageuka siki na kumwagwa au linanywewa na wafanyakazi, kwamba kuna Konyagi, maziwa, ndimu ambazo mwezi huu zimepanda, barafu, kodi, leseni, glasi zinazovunjwa, na kazi yangu ya siku nzima kusimamia kitambaa. Yote kweli. Lakini mzee naye anapanda kwenye mianzi asubuhi na jioni, kila siku anakata kipande chembamba ncha ya chipukizi ili lisizibe, anaweka mbeta, kale kachombo ka mwanzi ka kukingia ulanzi, mvua au si mvua, na akiruka siku moja mwanzi unakauka. Mimi nikiruka siku moja naandika "tumeishiwa" ubaoni. Na kama bei ilikuwa halali hivyo kwa nini nilidanganya?

Jana akaja tena? Hapana, alimtuma dereva wa boda na dumu. Nikalichunguza lile dumu kama lina barua ndani. Nailoni ileile, kamba ileile. Nikaonja, mzuri, huenda mzuri kuliko wa Jumanne, uchachu wa nyuma ya ulimi kama ninaoupenda kwenye daikiri, ambayo ndo kinywaji changu mnajua, ramu ndimu sukari basi, hakuna pa kujificha. Nikamtumia pesa kwa simu. Nikatuma elfu 20.

Dakika tano haikufika, akapiga.

"Binti, umekosea hesabu. Umenitumia 20."

Nikasema hapana baba, hiyo ya juu ni ya soda.

Kimya. Kuku wanalia nyuma yake huko. Halafu akasema, "Aa, soda elfu tano? Basi dumu la wiki ijayo utanipa kumi."

Nikasema baba hapana ni zawadi. Akasema, "Nimeshaandika," akakata.

Nilicheka peke yangu pale stoo kama dakika nzima mpaka mpishi akachungulia. Sijui nilikuwa nacheka nini. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kifua kikawa chepesi, nikatoka nikafuta ubao nikaandika upya, bei ni ileile sina mamlaka nayo, ila nimeondoa neno mweupe. Imebaki ULANZI na kale kamwanzi. Usiku mteja mmoja kanilalamikia mbona mnaandika ulanzi halafu mnaniletea maji, nikamwambia onja. Jumanne ijayo mzee akija mwenyewe namwambia bei. Nadhani namwambia. Nitageuka kabisa nimwoneshe ubao kwa kidole ili mdomo usihusike.

Nilisema nilale lakini dogo anaripoti fomu wani Jumatatu na ile karatasi ya shule ina vitu hadi nyuma, godoro tayari, tranka tayari, ndoo mbili tayari, fagio la chelewa mama analeta, jembe nimenunua juzi kumbe wanataka lenye mpini na mimi nimenunua kichwa kitupu, na mipini ya sokoni kila mtu ananiambia inavunjika wiki ya kwanza na mtoto ndo anaadhibiwa. Kuna anayejua fundi wa mipini hapa mjini anayefanya kazi Jumapili?