Tairi la Kibiashara kwenye Pikapu: Linachoongeza na Lisichoongeza

Msimu wa viazi mviringo ukianza, swali ninaloulizwa mara nyingi na wenzangu wenye Land Cruiser pikapu hapa Mbeya ni kama inafaa kuvua magurudumu yaliyokuja na gari na kufunga makubwa zaidi ya kibiashara, yenye tairi gumu la kubebea mizigo, ili gari lishuke kutoka Umalila au Matamba bila kupasua tairi njiani. Jibu langu ni kwamba inafaa, na mimi mwenyewe natembelea matairi ya namna hiyo. Hata hivyo, wengi wanaoyafunga huamini kwamba wameongeza uwezo wa gari, ilhali kilichoongezeka ni uwezo wa tairi peke yake, na umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili ndio unaoamua kama mabadiliko haya yatakuwa faida au hasara.

Kwanza tuelewane kuhusu vipimo. Pikapu za Land Cruiser za mfululizo wa 79, ambazo Toyota ilianza kuzitoa mwaka 1999, hutumia rimu ya inchi 16, na katika barabara zetu utazikuta ama na tairi pana la 265/70R16 au na tairi jembamba la 7.50R16. La kwanza lina upana wa milimita 265, ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, na ukijumlisha mbavu mbili pamoja na rimu unapata kimo cha milimita 777. La pili, ambalo upana wake umeandikwa kwa inchi (7.50), lina kimo cha takriban milimita 805. Anayehama kutoka la kwanza kwenda la pili anaongeza milimita 28 kwenye kimo cha tairi, na kwa kuwa ekseli hukaa katikati, gari lenyewe linanyanyuka milimita 14 tu, kiasi ambacho hata jirani yako hatakigundua.

Nataja hesabu hiyo kwa sababu wengi hupata wazo hili kutokana na picha za pikapu za Marekani. Huko, wenye magari mazito kama Ford F-350 na Ram 3500, yanayovuta matrela makubwa, hupenda kuhamia kwenye rimu za inchi 19.5 ambazo asili yake ni malori madogo, na Ford yenyewe imekuwa ikiuza F-450 ikiwa na tairi la 225/70R19.5 kutoka kiwandani. Ukilipigia hesabu tairi hilo utapata kimo cha milimita 810, yaani limelizidi 7.50R16 letu kwa milimita tano. Katika picha linaonekana refu mno, lakini anachokinunua Mmarekani yule ni mwili wa tairi uliosukwa kwa nyuzi za chuma, wenye uwezo wa kubeba kilo 1,800 kwa kila gurudumu likijazwa upepo wa paundi 110 hivi. Tena ile nusu inchi haikuwekwa kwa mapambo. Katika rimu za 17.5, 19.5 na 22.5, sehemu ambayo mdomo wa tairi hukaa imeinama kwa nyuzi 15, wakati katika rimu za 16 na 17 imeinama kwa nyuzi 5, na kwa hiyo tairi la kundi moja halipaswi kulazimishwa kwenye rimu ya kundi jingine hata kama fundi ana mtaimbo mrefu na mikono yenye nguvu.

Kwa hiyo unapokwenda dukani, angalia zaidi namba ya uzito kuliko kimo. Ubavuni, mara baada ya ukubwa wa tairi, huandikwa namba kama 112 au 122/118 ikifuatwa na herufi. Namba 112 humaanisha kilo 1,120 kwa tairi moja, na 122 humaanisha kilo 1,500. Zinapoandikwa mbili, ya pili, ambayo kwa mfano huu ni kilo 1,320, ni ya tairi lililofungwa kwa jozi upande mmoja kama nyuma ya Canter, kwa hiyo mwenye pikapu ya tairi nne anasoma ile ya kwanza. Herufi ni mwendo: L ni kilomita 120 kwa saa, na kwa gari la mizigo hiyo inatosha kabisa. Kuhusu plai, ambazo wauzaji wengi hupenda kuzitaja kwa sauti, ijulikane kwamba tairi la plai 14 la siku hizi halina tabaka 14 ndani yake. Hicho ni kipimo cha nguvu kilichorithiwa kutoka enzi za matairi ya nyuzi za pamba.

Sasa tuingie kwenye gari lenyewe. Matairi mawili ya nyuma yenye namba 112 yana uwezo wa kilo 2,240 kwa pamoja, na mawili yenye 122 yana uwezo wa kilo 3,000. Mtu akiona tofauti hiyo ya kilo 760 hushawishika kuongeza magunia. Lakini uzito wa juu wa gari unaoruhusiwa umeandikwa kwenye bamba la mtengenezaji, na bamba hilo halibadiliki kwa sababu umenunua matairi. Ekseli, beringi, springi, chesisi na breki vimebaki vilevile. Tatizo la kwetu ni kwamba mzigo hupimwa kwa kuhesabu magunia badala ya kilo, wakati lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, inaendelea kushonwa mashambani ingawa sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100. Gunia la lumbesa likiwa na kilo 120, magunia kumi ni kilo 1,200, na hapo hujampandisha dereva, utingo wala mwenye viazi, ambaye hakubali kamwe kuachana na mali yake. Zamani tairi dhaifu lilimwonya dereva kwa kubonyea au kupasuka. Tairi la kibiashara hubaki limesimama wima chini ya mzigo uleule, na onyo linalofuata hutoka kwenye beringi au kwenye breki, mahali ambapo mtu asingependa kulipokea.

Breki zinastahili kuelezwa kwa kirefu, hasa kwa sisi tunaoishi milimani. Anayeijua barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba, ile iliyopewa jina la Hamsini na Saba kutokana na idadi ya kona zake, anajua kwamba kupanda ni suala la subira na kushuka ndiko kwenye kazi. Gari lenye uzito wa kilo 3,300 linaposhuka mita 100 za wima hutoa nishati ya zaidi ya megajuli 3, na ukiacha sehemu inayomezwa na upepo na mviringiko wa matairi, iliyobaki ni lazima iishie kwenye injini au kwenye breki. Nishati hiyo inatosha kuchemsha karibu lita kumi za maji, na Hamsini na Saba inashuka mita 100 hizo mara nyingi.

Tairi kubwa huharibu hesabu hii kwa njia tatu. Kwanza, breki hukamata kitovu cha gurudumu lakini gari husimamishwa pale tairi linapogusa barabara, na kadiri umbali kati ya sehemu hizo mbili unavyoongezeka ndivyo nguvu ileile ya mguu inavyozaa kizuizi kidogo zaidi. Kutoka milimita 777 kwenda 805 upungufu ni kama asilimia 3.5, na ukifunga tairi la 245/70R19.5 lenye kimo cha milimita 838 upungufu unazidi asilimia 7. Pili, rimu na tairi la chuma ni vizito, na uzito unaozunguka unahitaji nguvu zaidi kuusimamisha kuliko uzito uliolala kwenye bodi. Tatu, jambo ambalo madereva wengi hawalifikirii, kila gia imekuwa ndefu: gia ya pili iliyokuwa ikilizuia gari kwa mwendo fulani sasa inaliruhusu kukimbia asilimia 3.6 zaidi kwa mzunguko uleule wa injini. Kwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ isiyo na taboi, hasara hiyohiyo utaisikia wakati wa kupanda Mlima Nyoka ukiwa na mzigo. Ndiyo maana nashauri mtu aishie kwenye 7.50R16, ambayo gari hili lilikuwa likija nayo kutoka kiwandani katika nchi nyingi, na asiende juu zaidi bila kufanya kazi kwenye breki na difu, yaani gia za ekseli.

Kuhusu rimu, jaribu kubwa ni kuchukua gurudumu zima la Canter. Tairi lake linaweza kuwa lilelile la 7.50R16, lakini rimu haiingii, kwa kuwa stadi tano (boliti za kufungia gurudumu) za Land Cruiser 79 zimepangwa kwenye duara la milimita 150 na zile za Canter ziko kwenye duara pana zaidi. Hilux nayo ina stadi sita kwenye duara la milimita 139.7, kwa hiyo hata yenyewe haiwezi kukukopesha. Wapo mafundi wanaochonga spesa, yaani vipande vya chuma vya kuweka kati ya rimu na kitovu, ili kuunganisha kitu kisichoungana, na kwangu hilo ni la kukataa moja kwa moja kwa gari la mizigo. Spesa, sawa na rimu inayojitokeza sana nje, huhamisha uzito mbali na beringi na kuifanya ile ya nje ibebe zaidi ya ilivyotengenezewa. Vilevile tairi la 7.50R16 linataka rimu ya upana wa kati ya inchi 5.5 na 6.5, na ukilivuta likae kwenye rimu ya aloi ya inchi 8 mbavu zake zitatanuka na kuchoka mapema. Nati nazo hutofautiana: za rimu ya chuma zina kichwa cha pembe kinachozama kwenye tundu, na za rimu ya aloi ya Toyota zina washa bapa, na ukizibadilishana zitaonekana zimekaza ilhali hazijakaza.

Rimu nyingi za zamani za 7.50R16 ni za ringi, yaani tairi huzuiwa na pete ya chuma inayotolewa kwa mtaimbo. Ni rahisi kuzifungua porini na huo ndio uzuri wake. Lakini pete iliyokaa vibaya au iliyoliwa na kutu huruka kwa nguvu ya kuua wakati upepo unaingia, kwa hiyo kiini cha valvu kitolewe na upepo uishe wote kabla ya kugusa ringi, na wakati wa kujaza gurudumu liwekwe ndani ya kizimba cha chuma. Gereji isiyo na kizimba isiguse gurudumu la ringi.

Upepo ndio unaofanya tairi la kibiashara libebe. Uwezo wa kilo 1,500 hupatikana kwa presha ya juu iliyoandikwa ubavuni tu, na mtu anayejaza paundi 40 kama alivyozoea amenunua chuma kizito kisicho na kazi, kitakachopata joto na kuharibika kutoka ndani. Kwa upande mwingine, rimu nayo ina kikomo chake cha presha, na valvu ya kawaida ya mpira inayochomekwa kwenye rimu isiyo na tyubu ina kikomo cha paundi 65, hivyo anayetaka kupita hapo anahitaji valvu ya chuma. Gari likiwa tupu, presha ya mzigo hulifanya liruke kama mbuzi kwenye changarawe ya Ilembo na kupoteza mshiko kwenye kona, na kwa hiyo mwenye gari la namna hii anapaswa kuwa na geji yake na kompresa ndogo, apunguze akienda na aongeze akirudi. Upimaji ufanyike tairi likiwa baridi. Asubuhi ya Juni huko Kitulo, kwenye uwanda wa takriban mita 2,600, geji itasoma chini ya ulivyoacha mchana kwenye joto la bonde la Usangu, na hiyo ni baridi, si pancha.

Kwa wembamba wake tairi la 7.50R16 huzama na kutafuta ardhi ngumu chini ya tope jepesi la udongo mwekundu, jambo linalofaa Umalila wakati wa masika. Kwenye tope refu lisilo na chini, tairi pana lingekuwa bora.

Yaliyobaki ni madogo. Spidomita ikisoma 80 utakuwa unakwenda kama 83, na askari wa barabarani mwenye tochi hatasikiliza maelezo ya kimo cha tairi. Matairi yote manne yawe ya kimo kimoja, kwa sababu ukiingiza foo-wili huku ya mbele na ya nyuma yakitofautiana, sanduku la gia za kugawa nguvu ndilo litakalogharamia tofauti hiyo. Na spea iwe hivyohivyo. Soma pia namba nne za tarehe ubavuni, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, kwa kuwa tairi la mtumba huweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri juu ya mpira uliokwisha kukauka. Baada ya kufunga, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili gari likiwa na mzigo, uangalie kama tairi linagusa madigadi au mikono ya ekseli ya mbele. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha zirudiwe baada ya kilomita kati ya 50 na 100. Kwa aliyefunga magurudumu Mwanjelwa na anakwenda Matamba, mahali pa kuzirudia ni Chimala, kabla ya kona ya kwanza.