Folda ya Mwalimu

Mwaka 2009 nilikuwa kijana wa steshenari, Tanga mjini. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua za maombi ya kazi, kutoa kopi, kulaminisha vyeti na kuchoma sidii za kwaya. Kompyuta zetu zilikuwa tatu, zote mitumba, zote Windows XP. Ya kwangu kibodi yake ilikuwa imefutika herufi kiasi kwamba mgeni asingeweza hata kuandika jina lake. Mimi niliandika bila kuitazama, na kwa sababu hiyo mtaani waliniita fundi wa kompyuta. Sikuwasahihisha.

Novemba, wiki ya mitihani ya kufunga mwaka, akaingia Mwalimu. Alifundisha Jografia, mama wa makamo, flashi yake ameifunga pamoja na funguo za nyumba.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nitolee nakala moja kwanza niipitie, halafu utanipigia kopi tisini."

Nikachomeka flashi. Ndani kulikuwa na folda ya mitihani, ya ratiba, picha za harusi ya mtu, na folda moja inayoitwa autorun.inf. Nikaacha kutafuna.

Aliyefanya kazi na flashi miaka ile anajua kwa nini. Autorun.inf lilikuwa jina la kifaili kidogo cha maandishi kinachoiambia Windows ifungue nini mtu akichomeka flashi au akiibofya mara mbili. Virusi wakakigeuza mlango wao: unabofya uone barua yako, anayefunguka kwanza ni kirusi. Conficker, aliyejitokeza Novemba 2008, alisambaa pia kwa njia hiyo, na sisi wa steshenari tulikuwa kama stendi ya mabasi, kila flashi ya mji lazima ipite kwetu.

"Mwalimu, flashi yako ina kirusi."

"Kirusi gani tena? Mtoto wa kaka yangu ameitengeneza juzi tu alipokuja kutoka Dar."

"Basi hakuitengeneza vizuri."

Nilisema hivyo hivyo, mbele ya wateja wanne.

Nikaichagua ile folda, nikabonyeza Delete. Kompyuta ikajibu kwamba haikioni hicho ninachotaka kukifuta, nihakikishe jina na njia yake. Haikioni, nacho kiko katikati ya skrini! Nikaifungua. Ndani mlikuwa na folda nyingine, tupu, inaitwa con. Nikajaribu kuifuta hiyo: haionekani. Kuibadilisha jina: haionekani. Nikazima kompyuta, nikaiwasha kwa Safe Mode, ile hali ya kuamka nusu nusu ambayo mafundi tuliipenda kwa sababu skrini inatisha wateja. Wapi. Antivairasi ikaipitia flashi nzima na kusema ni safi. Nikaidharau, maana tangu Pasaka hatukuwa tumeisasisha.

Bosi akanong'ona, "Si uhamishe kazi zake, uifomati, yaishe?"

Lilikuwa jawabu la dakika tano. Lakini kufomati kila mtu anajua, na mimi nilikuwa nimeshamwambia Mwalimu kwamba kitu chenyewe ni kidogo. Nikampa nakala yake ya kupitia, nikamwomba flashi ilale kwangu mpaka kesho.

Jioni nilikwenda intaneti kafe. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulikuwa umeanza kazi Dar es Salaam Julai ile, ila hapo tulipo ukurasa ulikuwa bado unashuka mstari kwa mstari kama pazia bovu. Nilichokisoma kilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. CON si jina la kawaida. Kwa Windows maana yake ni kibodi na skrini, kama PRN ilivyo printa, na NUL ni shimo la kutupia takataka. DOS ya mwaka 1981, mfumo uliotangulia Windows, haikuwa na folda kabisa, kwa hiyo majina hayo yalitengwa kwa ajili ya vifaa na hapakuwa na shida. Folda zilipokuja na DOS 2.0 mwaka 1983, majina yakabaki yametengwa ndani ya kila folda, na hadi XP walikuwa hawajayaachia, ili programu za zamani zisikwame. Kwa hiyo nilipokuwa nikibonyeza Delete, mashine ilielewa kwamba inatajiwa kifaa. Faili la jina hilo italiona wapi?

Nikalijaribu pale pale kafe: nikatengeneza folda mpya, nikaiita con, nikabonyeza Enter. Jina likarudi kuwa la mwanzo kimyakimya. (Kulikuwa na barua pepe ikizunguka miaka ile ikidai kwamba Microsoft nzima imeshindwa kueleza jambo hili. Watu wazima wenye digrii waliituma.)

Dawa ilikuwa ukiingia kwenye kile kidirisha cheusi cha amri, utangulize alama nne kabla ya njia, kuiambia Windows ilipokee jina lilivyo bila kulitafsiri. Nikainakili nyuma ya risiti (rd ni amri ya kufuta folda, G ni flashi):

rd \\.\G:\autorun.inf\con

Asubuhi nikaiandika. Mara ya kwanza niliinamisha mistari upande usio wake, ikakataa. Mara ya pili haikusema kitu. Kidirisha cheusi kikifanikiwa hakikupongezi, kinakupa mstari mwingine tu. Nikaifuta na ile ya nje, nikafungua flashi, haipo. Nilimwita bosi aje atazame mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Mwalimu akapigiwa kopi zake tisini kwenye kompyuta ya dirishani, akalipa, akaondoka na flashi.

Siku ya tatu alirudi, na salamu yangu aliijibu kwa mbali. Kompyuta ya shule, ile moja, ya ofisi ya mkuu, ilikuwa imejaa virusi. Folda zote zimetoweka, na mahali pake pana vitu vyenye sura ya folda ambavyo ukivibofya mashine inaganda. Kabla ya hapo haikuwahi kuugua, na kitu pekee kilichochomekwa wiki ile ni flashi yake.

Akatoa simu, akambipu mtoto wa kaka yake. Kijana akapiga mara moja. Mwalimu akamweleza, kisha akaniwekea simu sikioni.

"Kaka, ile folda niliiweka mimi. Flashi ikiwa na folda ya autorun.inf, kirusi hawezi kuandika faili la jina hilo hilo. Ila wengine walishajua kuifuta, ndiyo maana ndani nikaweka con."

Sikuwa na la kusema. Kompyuta yetu ya dirishani ndiyo ilikuwa na kirusi. Miezi yote ile flashi za watu zimetoka nacho pale, na mimi nilikuwa nimetumia jioni nzima na shilingi mia tano kumfukuza mlinzi.

"Lakini kaka," akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, "umeifutaje? Mimi mwenyewe sijui kuifuta."

Jumamosi nilikwenda shuleni kwao. Folda hazikuwa zimepotea, zilikuwa zimefichwa. Attrib, amri ya kuondoa alama ya kufichwa, ikazirudisha moja moja, na zile bandia nikazifuta bila ugomvi wowote. Kisha nikachukua flashi ya Mwalimu, nikafungua kidirisha cheusi, na ile risiti yangu nikaifuata kinyume: md, ya kutengeneza folda, badala ya rd.

Mwalimu akasogeza kiti, akavaa miwani, akashika mausi yeye mwenyewe. Akaichagua autorun.inf, akabonyeza Delete. Kompyuta ikasema haikioni.

"Imekataa," akasema.

Akabonyeza tena.