Mapovu kwenye kioo

Jana niliitwa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, chumba baridi cha samaki kimegoma kushuka chini ya nyuzi 2, mwenye mali kashika kichwa. Kioo cha laini ya gesi, kidirisha cha kuchungulia gesi ikipita kwenye bomba, kimejaa mapovu. Fundi aliyetangulia aliyaona, akadhani gesi imepungua, akaongeza R404A, gesi ya kupozea. Yakabaki, akaongeza tena. Kompresa, pampu inayosukuma gesi, ikawa haigusiki kwa moto.

Nikapitisha mkono kwenye filta, kichujio cha laini hiyo. Upande wa kuingilia vuguvugu, wa kutokea baridi mpaka inatoa jasho. Imeziba! Gesi ilikuwa tele, imerundikana kwenye kondensa, sehemu inayotoa joto nje, haipiti. Mafundi wenzangu, naomba sana, guseni filta kabla ya kufungua mtungi. Roho inaniuma nikiona kompresa nzima inauawa hivi.

Niliitoa gesi yote nikaiweka kwenye mtungi wa kurejeshea, ikazidi kipimo kilichoandikwa kwenye kibao cha mashine kwa zaidi ya kilo 2. Filta mpya, vakyumu (kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba) hadi maikroni 500, kisha nikajaza kwa mizani, mtungi juu chini itoke majimaji, maana R404A ni mchanganyiko wa gesi 3 na mvuke wake hautoki kwa uwiano uleule.

Saa 11 jioni kioo kilikuwa safi, hakina mapovu, chumba kinasoma -9 na bado kinashuka.