Kisarawe mwezi wa nane: tisheti baadaye kwanza nguzo

Basi grupu letu la wasap limechangamka maana mwezi wa nane ndo tunaingia Kisarawe, vijiji vya ndani ndani huko upande wa Maneromango, kukarabati nyumba za wazee wanaoishi wenyewe au na wajukuu tu. Na watu wa Dar tulivyo, mjadala wa kwanza ulikuwa rangi ya tisheti. Hela ya tisheti za watu wote jamani si mabati hayo?? Nimesema kule na hapa narudia, tisheti baadaye.

Mi na mwenzangu tulitangulia kwenda kuongea na wenye nyumba. Tulipita kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, huwezi kuibuka tu na futi yako uani kwa mtu ukaanza kupima. Bibi mmoja tukampa shikamoo, akatutandikia jamvi barazani, tukamweleza tutamtolea makuti tumwekee bati. Akacheka. "Wajukuu zangu, bati zuri, ila ukuta huo utalibeba?" Akainuka akatupeleka nyuma ya nyumba, akabonyeza nguzo ya kona kwa kidole gumba, kidole kikazama. Mchwa wameimaliza ndani, kwa nje ipo imesimama unaiona nzima kabisa. Angenyamaza kwa adabu tu tungempigilia bati juu ya nguzo hewa.

Kwa hiyo ratiba imepinduka. Tunaanza na nguzo, zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kufukiwa, halafu fito, halafu ndo kukandika. Na hapo kwenye kukandika tunaweka fundi wa palepale kijijini na tunamlipa, maana kati yetu hakuna anayejua udongo upi unashika na upi ukikauka unapasuka. Kuna jamaa kalalamika eti tunajitolea halafu tunalipa fundi, sasa kaka wewe ni mhasibu, ukuta wako ukidondoka masika bibi anamwita nani?

Bati tumekubaliana geji 28, la 30 ni rahisi kweli ila ni jembamba zaidi na tunataka likae. Wasiowahi kupanda juu mjue kabisa, msumari unapigwa kwenye mgongo wa bati, sio bondeni maji yanapopita, na upenu tunautoa nje vya kutosha maana matone yakirukia chini ya ukuta wa udongo yanaula taratibu kila mvua. Na tunaezua kiasi tutakachoezeka kabla ya jioni, basi. Ni kiangazi sawa, ila mvua ya Pwani haina adabu, na bibi vitu vyake vyote viko humo ndani.

Viatu vya kufunika mguu jamani, makuti ya zamani yana nge na tandu, kandambili uache kwako. Kama hukumbuki lini ulichoma sindano ya pepopunda pitia kituo cha afya wiki hii. Mchele, unga na mafuta tunabeba wenyewe, kwa sababu najua bibi atataka kuchinja kuku na hatutaweza kumkatalia, ila asilishe kundi zima.

Kenta tumepata, dereva anataka mafuta tu. Ngazi ndo bado, mwenye nayo ndefu ya kufika kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, anicheki inboksi.