Mdhamini wangu

"Dada, kwa hiyo wakikukosa wewe, wanakuja kwangu?"

Tangu Jumanne swali hilo limenikaa. Napika nalo, nafundisha nalo, usiku ndiyo kabisa.

Nilimfuata mdogo wangu mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, na fomu ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, maana naomba mkopo wa kusoma chuo. Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei na halifunguliwi mpaka 15 Agosti, kwa hiyo nilimkuta walipo wavuvi wote siku hizi: kivulini, wavu mapajani, anashona. Nikamwonyesha sehemu ya mdhamini, jina hapa, namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, hapa, picha hapa, sahihi hapa. Kalamu nilishampa. Akaiweka juu ya wavu, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma. Yeye huyu ambaye karatasi yoyote ikiingia nyumbani kwake husomwa na wifi!

Ndipo akauliza. Nikamjibu, "Ndiyo, kudhamini ndiko huko."

"Na ajira usipopata?"

"Nitapata."

"Kwani unajitolea kufundisha mwaka wa ngapi huu, dada?"

Sikujibu. Akasaini, akanirudishia kalamu, akaendelea kushona.

Kila nikilala namjibu upya, na majibu yangu ya usiku ni mazuri kweli. Namweleza kwamba marejesho yanaanza miezi 24 baada ya kumaliza chuo, na kwamba ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hawaji na mgambo. Namweleza kwamba hata kama ningetaka kusubiri, siwezi. Umri wa mwombaji usizidi miaka 35, na mimi nina 34. Stashahada iwe ya ndani ya miaka mitano, na yangu inaelekea kupitwa. Mwaka huu nikikosa, mwakani mlango huo kwangu ni ukuta. Haya yote ningeweza kumwambia pale pale, yamo kichwani mwangu kama jedwali la kuzidisha, lakini aliponiuliza mwaka wa ngapi yakayeyuka.

Lipo na jibu jingine, na hilo ndilo linaloniamsha. Kwamba ada yake ya sekondari ilitoka kwenye dagaa niliobeba kichwani kutoka hapo hapo Kibirizi mpaka soko la Mwanga, wakati wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wanaendelea na shule. Hilo halisemeki. Ukimwambia mtu umeshamdai.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo: wifi amejifungua salama hospitali ya Maweni, mtoto wa kike, umeme umekatika siku mbili, na binti wa Mama Mkubwa kaolewa Ujiji tukala pilau mpaka basi. Cheti cha kifo cha Baba, kilichonihangaisha sana, hatimaye kimehakikiwa RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo. Ada ya maombi nayo, 30,000, nimeilipa kwa hela ya tuisheni. Mfumo unataka namba ya mtihani ya kidato cha nne hata kama ulifanya enzi za redio ya mbao. Nimeikuta nyuma ya picha ya harusi ya Mama, usiniulize ilifikaje huko.

Alhamisi tukaenda kwa wakili kugongewa mhuri, mimi na mdhamini wangu, maana alisisitiza kunisindikiza. Benchi limejaa vijana waliotoka kidato cha sita juzi, kila mmoja na mzazi wake. Karani akachungulia, akamnyooshea mdogo wangu kidole. "Mwanafunzi asogee. Mzazi abaki hapo hapo."

Nilitamani benchi linimeze. Mdogo wangu akasimama, akajikung'uta suruali, akasema kwa sauti ya mzee wa baraza, "Mwanafunzi ni huyu hapa. Mzazi ni mimi. Na ananisumbua sana huyu, hasikii."

Benchi zima likaangua kicheko. Mama mmoja wa kitenge akanishika mkono, akasema naye anatamani kurudi shule ila hesabu zinamtisha. Karani hakucheka. Akatazama vitambulisho vyetu, akavitazama tena, akaenda na fomu ndani. Tulipotoka mdogo wangu akanilipia bodaboda, akamwagiza kijana, "Mpeleke polepole, huyu ni mwanafunzi wa chuo." Nilicheka mpaka Gungu.

Fomu nimeipakia jana. Dirisha linafungwa 31 Agosti, nimewahi. Lile swali bado linakuja, ila siku hizi likija linakuja na ile sauti ya mzee wa baraza, basi nashindwa kulikasirikia vizuri.

Sasa shida ni mbuzi wa Mama. Siku zake zimepita, chuchu zimejaa, hazai. Bwana mifugo anasema atakuja asubuhi, na jana alisema hivyo hivyo. Mama kahamishia mkeka nje ya banda, na kifua chake kinamsumbua. Nimemwambia mbuzi nitamlinda mimi, akaniuliza nimewahi kuzalisha mbuzi wangapi.